Nilienda kumuuliza Mungu begi likiwa limeshafungwa

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Hii nimeandika nikafuta mara tatu, leo naiweka tu ilivyo.

Mwaka juzi mwezi wa nane nilipata kazi Doha kule Qatar, kwenye stoo ya hoteli, mambo ya kupokea mzigo na kuhesabu na kuandika, kazi ileile ambayo hapa Morogoro nimeifanya miaka sita kwa mshahara ambao ukishatoa kodi ya nyumba na marejesho ya kikoba unabaki unaangalia dari. Mkataba wa miaka miwili, chakula juu yao, kulala juu yao, tiketi juu yao. Nikajipanga. Friji nikamuuzia jirani, makochi akachukua shoga yangu kwa mkopo, mwenye nyumba nikampa taarifa, kazini nikaaga, begi kubwa jeusi nikalipanga vizuri nikalifunga na zipu nikatia kufuli. Halafu ndo nikaenda kwa mama mchungaji kumwambia naomba tuombe Mungu anionyeshe kama ni mapenzi yake niende.

Nilimkuta anachambua mchicha. Nikamwamkia, nikakaa kwenye kigoda, nikaeleza yote mpaka mwisho, na yeye mikono inaendelea tu na mchicha. Nilivyomaliza akaniuliza, "Mwanangu, na akikwambia usiende, hutaenda?"

Nikanyamaza. Maana jibu la kweli lilikuwa nitaenda tu. Nilikuwa nimefuata muhuri, barua nimeshaiandika mwenyewe na sahihi nimeshaweka, nataka tu Mungu agonge pale chini.

Na sababu ya kutotaka kuuliza mapema naijua. Mama yangu alipata kiharusi mwezi wa nne mwaka huohuo, upande wote wa kulia ukalala. Yuko Kilosa. Kaka yangu ni dereva wa lori, wiki nzima yuko barabarani, na wifi ana mtoto mchanga. Mtoto wa kike ni mimi peke yangu. Mama mwenyewe alishasema nenda mwanangu utafute, na mimi hilo neno nililishika kwa mikono miwili kama ndo ruhusa kutoka mbinguni.

Mama mchungaji akaniambia nikasome Yeremia 42 na 43, na kwa siku kumi nisimuulize mtu yeyote chochote. Nilikuwa sijawahi kuzisoma hizo sura jamani. Yerusalemu imeshaanguka, wengi wamepelekwa Babeli, waliobaki wamewekewa na mfalme wa Babeli liwali anaitwa Gedalia, naye anauawa kule Mizpa na Ishmaeli mwana wa Nethania, tena wakiwa wanakula chakula pamoja. Watu wakaogopa kwamba Wakaldayo, yaani hao watu wa Babeli, watakuja kulipa kisasi. Wanamfuata nabii Yeremia, wadogo kwa wakubwa, wanamsihi awaombee Mungu awaonyeshe njia, wanaapa kabisa kwamba liwe jema liwe baya watatii. Yaani ukisoma hapo unasema hawa ni waumini hasa.

Ila rudi nyuma kidogo, mwisho wa sura ya 41. Walikuwa wameshafika Geruthi Kimhamu, karibu na Bethlehemu, wako safarini kwenda Misri. Walikuwa njiani tayari! Mizigo iko mgongoni ndo wanauliza waende wapi. Mimi hapo nililia, nililifunika begi langu na shuka nisilione.

Na Mungu hakujibu siku ile. Zikapita siku kumi. Hizo siku kumi nimezifikiria sana, maana Yeremia alikuwa na watu wote wale wanamwangalia, wana hofu, wanataka jibu, na yeye angeweza kusema chochote jioni ileile wakatulia. Akasubiri. Jibu lilivyokuja likawa gumu, kaeni hapahapa, msimwogope mfalme wa Babeli, nitawajenga, mkienda Misri hivyo vita na njaa mnavyovikimbia vitawafuata hukohuko. Wao kichwani walikuwa na picha ya Misri hakuna vita, hakuna njaa. Wakamwambia unasema uongo, ni Baruku, mwandishi wako, anakuchochea. Wakaenda, na Yeremia mwenyewe wakamchukua mpaka Tahpanhesi, mji wa hukohuko Misri.

Mi nilikuwa nafikiri mtu anamkataa Mungu kwa kusema simtaki. Kumbe unaweza kuapa kwa machozi kabisa utatii, halafu jibu likija ukaanza kutafuta kasoro kwa aliyelileta.

Siku ya saba nikaenda Kilosa kumuona mama, nimesema moyoni naenda kuaga tu. Nikafika asubuhi wifi yuko kisimani, mlango umerudishwa. Nikachungulia. Mama amekaa pembeni ya kitanda anajaribu kufunga khanga. Pindo moja ameling'ata kwa meno, lingine analizungusha kwa mkono wa kushoto, likifika nyuma linamponyoka, anaanza upya. Hakuwa analia, hakuita mtu. Alirudia mara nne nimesimama pale mlangoni na mkoba begani, na pasipoti ndani ya mkoba. Sikusikia sauti, sikuona maono. Nilijua tu.

Sikukubali vizuri, msinione mtakatifu. Nilirudi Morogoro nimenuna, nikamwambia Mungu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, kwamba kwa nini mimi, kwa nini sasa. Siku ya kumi nikampigia wakala nikamwambia siendi. Nafasi akapewa dada mwingine, na ameshanunua kiwanja, nimeona picha, na niliumia. Mimi nikahamia Kilosa, asubuhi nauza chapati na supu karibu na stendi, mchana niko na mama. Friji sijanunua mpaka leo.

Kitu kimoja lazima nikiseme. Sio kila jambo gumu ni sauti ya Mungu. Kuna dada zetu wanapigwa ndani ya nyumba wanaambiwa vumilia ndo mapenzi ya Mungu, na kuna watu wanaambiwa leta akiba yako yote madhabahuni maana Bwana amesema. Hapana wapendwa. Mimi nilipewa muda, nilipewa Neno nisome mwenyewe, na aliyenishauri hakupata hata shilingi kwa mimi kubaki. Mtu akikukimbiza ujibu leoleo, na faida inaenda kwake, ondoka hapo.

Mama bado hajapona kama nilivyokuwa naomba. Anatembea na fimbo mpaka kwenye mwembe na kurudi. Khanga anaifunga mwenyewe sasa hivi, alibuni namna yake, anaegemeza nyonga ukutani pindo lisiponyoke halafu anazungusha taratibu, akimaliza ananiangalia. Siku ya kwanza alipoweza niliacha chapati zikaungua.

Wiki iliyopita wakala amenipigia tena, kuna nafasi mbili hotelini kulekule. Nimemwambia anipe siku kumi. Begi liko juu ya kabati, tupu.