Speedster yangu haikutoka Stuttgart

Wiki hii nimeulizwa mara tatu kama gari langu ni Porsche yenyewe, iliyotoka kiwandani Stuttgart, Ujerumani. Siyo. Ni nakala.

Nimeipenda 356 Speedster, gari la wazi la Porsche, tangu nihamie California, na huku ndiko ilikolengwa. Max Hoffman, mwagizaji wa magari wa New York, ndiye aliyewashawishi Porsche watoe gari jepesi, la kioo kifupi, lisilo na makorokoro, liuzwe chini ya dola 3,000. Likatoka mwaka 1954. Leo lililo zima ni mamia ya maelfu ya dola.

Basi nilikwenda kuangalia bovu, la 1957, na sumaku mfukoni. Bodi ya asili ni chuma; sumaku ikikataa kushika, chini ya rangi kuna puti. Ilikataa mlangoni, ikakataa karibu na taa. Nikalala chini na tochi: sakafu imeliwa na kutu, na pale betri inapokaa kidole kilipenya. Namba ya injini haikulingana na kadi ya kiwandani. Hata hivyo nilipoketi ndani, mikono ilinitetemeka. Usukani ule umeshikwa na watu tangu 1957, na hilo nakala haiwezi kukupa. Lakini nilijijua: ningelinunua, ningeogopa kuliegesha hata sokoni.

Baadaye nikaiona nakala. Bodi ya faiba, juu ya sakafu ya Volkswagen Beetle iliyofupishwa karibu sentimita 30. Nikafungua boneti ya nyuma, nikanyamaza. Injini hiyo naijua! Baba alikuwa na Beetle Mombasa. Jumapili nikimshikia spana, yeye akinisimulia Tommy Fjastad alivyoshinda mbio za magari za Safari Rally za 1962 kwa gari kama letu, lisilo na rejeta wala maji ya kuchemka.

Na undugu huu si wa kubandika. Beetle ilibuniwa na Ferdinand Porsche, na 356 ya kwanza mwanawe Ferry aliijenga kwa vipuri vya Volkswagen.

Nikanunua. Jioni hiyohiyo nikang'oa nembo ya Porsche iliyokuwa mbele, nikaziba matundu yake. Sitaki mtu adanganyike, hata kwa mbali.

Jumamosi nikampigia Baba simu ya video, nikawasha injini, nikasogeza simu nyuma. Alisikiliza kitambo.

"Vali zimelegea, mwanangu. Zipime asubuhi, injini ikiwa baridi."