Wiki ya mchezaji ndani ya selo

Mchezaji wa kulipwa akiingia gerezani anapoteza mengi kwa siku moja, ila kinachommaliza polepole ni kukosa ratiba. Tangu ujana wake kuna mtu aliyempangia saa ya kula, ya kulala, ya kukandwa misuli, siku ya mazoezi makali na siku ya kupumzika. Kila kitu kinaelekea kwenye mechi. Kifungo kinaifuta mechi, na siku zote saba zinafanana. Mimi nilianza kuyamudu maisha ya ndani nilipoijenga upya ile wiki, ndani ya chumba cha mita 2 kwa 3. Naiandika hapa kwa vipimo, maana mwenzangu anayeingia kesho anahitaji vipimo kuliko maneno ya faraja.

Kabla ya mazoezi kuna arosto, yale mateso ya mwili ukikosa kilevi ulichokizoea. Wengi wetu tunaingia na pombe mwilini, na dawa za maumivu tulizozizoea tangu tuko uwanjani, na vidonge vya usingizi vya usiku wa mechi. Arosto ya pombe ina saa zake. Mikono huanza kutetemeka kati ya saa 6 na 24 baada ya kinywaji cha mwisho, degedege huja ndani ya siku 2 za mwanzo, na kuweweseka huja kati ya siku ya pili na ya nne. Hapo ndipo mtu anaweza kufa. Kwa hiyo muuguzi wa mapokezi aambiwe ukweli mtupu: chupa ngapi kwa siku, ya mwisho ulikunywa saa ngapi, vidonge gani, miligramu ngapi. Mastaa hudanganya hapa, kwa aibu au kwa kuogopa magazeti. Ukitaja nusu, utapimiwa dawa ya nusu. Vidonge vya usingizi navyo havikatwi ghafla, hupunguzwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa chini ya uangalizi wa daktari.

Na kama wazo la kujiua limekupitia, liseme palepale. Siku za mwanzo ni mbaya, na siku unayorudi kutoka mahakamani na hukumu mkononi ni mbaya vilevile. Niliomba nisilazwe peke yangu. Mwenzako hata akikoroma usiku kucha, kuna pumzi ya mtu mwingine chumbani.

Tony Adams, nahodha wa Arsenal, alifungwa Desemba 1990 kwa kuendesha gari amelewa. Akakaa takriban miezi 2, akarudi uwanjani, na msimu uleule timu yake ikabeba ubingwa wa Uingereza ikiwa imefungwa mechi 1 tu ya ligi. Nje alionekana amepona. Lakini mpaka mwaka 1996 ndipo alipokiri hadharani kwamba ni mraibu wa pombe, na baadaye akaanzisha kituo cha kuwasaidia wanamichezo wenye tatizo hilo. Lango la gereza lilimtenga na chupa kwa wiki chache, basi. Ndiyo maana kikao cha waraibu nilikiingiza kwenye ratiba kama mazoezi mengine: siku yake, saa yake, hakirukwi.

Sasa mwili. Mwili wa mchezaji hauondoki wote kwa mpigo. Kwanza hupungua maji ya damu, ndani ya siku chache tu, ndiyo maana wiki ya pili ukipanda ngazi moyo unadunda kama ngoma. Uwezo wa kuvuta na kutumia hewa hushuka kati ya asilimia 4 na 14 kabla hata wiki 4 hazijatimia. Nguvu za misuli huvumilia zaidi, karibu mwezi mzima. René Higuita, kipa wa Kolombia, alishikiliwa miezi 7 kuanzia 1993 na akalikosa Kombe la Dunia la 1994 kwa kukosa utimamu wa mwili. Kwa hiyo mpangilio wangu ulikuwa wazi: pumzi mara 4 kwa wiki, nguvu mara 2, siku 1 ya kupumzika kabisa.

Pumzi inapatikana uani. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa Desemba 2015, zinampa mfungwa angalau saa 1 ya hewa ya nje kila siku. Toa dakika za kuhesabiwa na kupanga foleni, hesabu unabaki na 40. Ua wetu ulikuwa hatua 24 kwa 14, na ukikimbia mita moja kutoka ukutani unapata mzunguko wa karibu mita 50. Mizunguko 20 ni kilomita 1. Nilihesabu kwa kokoto: kila mizunguko 10, kokoto moja inatoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Bila kokoto akili inajidanganya, tena kila mara inadanganya kwa kuongeza.

Hapo kuna kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya. Wafungwa wote huzunguka upande mmoja, kwa mazoea. Mizunguko 20 ina kona 80, na kona 80 zote za kushoto zinamaanisha mguu wa nje unasukuma na wa ndani unajipinda, kila kilomita, kila siku. Baada ya wiki 3 goti linauma upande mmoja na mtu anailaumu sakafu. Geuza upande kila mizunguko 10, kokoto ikihama na wewe unageuka. Siku yenye watu wengi huwezi kwenda kinyume na msafara, basi acha mizunguko ufanye kwenda na kurudi: mita 10, sekunde 15 kwa kasi, sekunde 15 umesimama, mara 10. Pumzika dakika 3, rudia. Ukifika ukutani geukia mguu wa kulia, safari inayofuata wa kushoto. Zege halisamehe, kwa hiyo raba ikiwa imelika soli, siku hiyo tembea kwa haraka tu. Maumivu ya mfupa wa mbele wa muundi yakianza, pumzika siku 5 mara moja. Ukiyalazimisha yanakula wiki 6.

Nguvu ni za selo. Goti langu la zamani lilipona vizuri zaidi kwa zoezi ambalo halina mwendo wowote: mgongo ukutani, mapaja yamelala kama kiti, kaa sekunde 45, pumzika dakika 2, mara 5. Linatuliza ukano wa chini ya pia ya goti na unaweza kulifanya kila siku. Kwa kisigino, simama kwa vidole kwenye ukingo wa ngazi au wa kizingiti, panda kwa miguu yote miwili, shuka polepole kwa mmoja hadi kisigino kipite chini ya ukingo. Mara 15, seti 3, asubuhi na jioni, wiki 12. Watu huacha wiki ya tatu kwa sababu mwanzoni linaumiza kidogo. Maumivu kidogo yanakubalika, ila yakizidi kesho yake, punguza.

Misuli ya nyuma ya paja ndiyo inayomsaliti mchezaji akitoka, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Kunja blanketi mara nne, weka magoti juu yake, ingiza visigino chini ya chuma cha kitanda kilichofungwa sakafuni, au mwenzako akushikilie vifundo vya miguu. Mwili uwe mnyoofu kuanzia goti hadi kichwani. Anguka mbele polepole iwezekanavyo, ukizuia kwa nyuma ya mapaja, mpaka huwezi tena. Jipokee kwa mikono kama unapiga pushapu, jisukume kurudi. Wiki ya kwanza fanya seti 2 za mara 5, si zaidi, kesho yake hutaweza kukaa vizuri. Ongeza taratibu hadi seti 3 za mara 8 mpaka 12 ifikapo wiki ya kumi. Timu zinazolishika zoezi hili majeraha ya misuli hiyo hupungua kwa takriban nusu. Kinachoharibika mara nyingi ni kiuno: mtu anakikunja, makalio yanabaki nyuma, zoezi linageuka kuwa kuinama tu. Mwambie mwenzako aangalie kiuno, asiangalie magoti.

Pushapu kila mfungwa anapiga, mia mbili, mia tatu, na ndiyo sababu unaona vijana mabega yamekunjamana mbele. Kila zoezi la kusukuma lifuatwe na la kuvuta. Kama hakuna pa kujining'iniza, lowesha taulo, liviringe, mwenzako ashike ncha nyingine: vuta sekunde 10 yeye anazuia, mbadilishane, mara 8 kila mmoja. Baada ya hapo oga, kausha vizuri katikati ya vidole vya miguu, na taulo la kuogea na wembe usimwazime mtu. Fangasi na majipu vimewatoa watu wengi kwenye mazoezi kuliko majeraha.

Chakula kinahitaji hesabu moja tu. Ulipokuwa unacheza, mwili ulichoma kalori 3,000 na zaidi siku za mazoezi makali. Sasa, hata na mazoezi haya, umeshuka sana, na sahani imejaa wanga. Ziada ya kalori 500 kwa siku ni karibu nusu kilo ya mafuta kwa wiki. Nilipunguza wanga wa jioni kwa theluthi moja, na protini yoyote iliyopatikana, maharage, yai, maziwa, nikaihifadhi kwa saa ya baada ya mazoezi.

Kisha inakuja siku ya mechi, na hii hakuna anayekuonya. Kama miaka yote umecheza Jumamosi alasiri, Jumamosi alasiri mwili utakuandaa upende usipende. Viganja vinalowa, tumbo linakaza, unatembea huku na huku, na saa za jioni unaanguka chini kama umefungwa bao la mwisho. Mwanzoni nilidhani nina ugonjwa wa moyo. Ni mazoea ya mwili tu, na dawa yake ni kuyapa kazi. Zoezi zito kuliko yote ya wiki niliweka saa ileile ya mechi: dakika 10 za kupasha misuli, vipindi 2 vya dakika 20, mapumziko ya dakika 10 katikati. Kisha maji, nguo safi, na ukurasa 1 wa barua kwa mtu wa nyumbani. Redio yenye matangazo ya mpira niliiacha mwezi mzima wa kwanza. Naona ni busara. Sauti ya mashabiki ndani ya selo inachoma kuliko ukimya.

Jina lako nalo litakuja na wageni. Ronaldinho alipozuiliwa Asunción, Machi 2020, kwa kesi ya pasipoti bandia, alikaa siku 32 kabla ya kuhamishiwa kifungo cha hotelini, na alipokuwa gerezani alicheza bonanza la wafungwa. Duncan Ferguson wa Everton alitumikia siku 44 katika gereza la Barlinnie, Glasgow, mwaka 1995, kwa kumpiga mpinzani kichwa uwanjani. Kokote uendako, kuna anayetaka pasi yako, na kuna anayetaka kusimulia kwamba alikuvunja. Mechi za uani nilicheza kwa sheria moja niliyojiwekea: migusano 2, wa kwanza wa kutuliza, wa pili wa kutoa. Mguso wa kwanza unauelekeza mbali na mtu anayekuja, nusu mita, mwili ukiwa katikati yake na mpira. Wa pili unaondoka kabla mguu wake haujafika. Chenga zinaamsha hasira, na juu ya zege hasira hiyo inaishia kwenye kifundo chako. Nilipochoka niliomba filimbi nikawa mwamuzi. Vijana wakawa wananiita kocha, na ule ushindani ukafa wenyewe.

Usikope, usikopeshe, usibashiri, hata kwa biskuti. Deni la ndani hulipwa mara mbili, na kwa staa wanaamini pesa hazikwishi, kwa hiyo halifungwi kamwe. Anayekupa zawadi siku ya kwanza, mshukuru na umrudishie mbele za watu.

Mambo ya pesa za nje, wiki ya kwanza niliandika kila malipo yanayokatwa yenyewe kila mwezi na kufuta yasiyo ya lazima. Aliyepewa mamlaka ya kisheria kusaini hakuwa yuleyule anayepokea taarifa za benki. Wawili tofauti, na hakuna kati yao aliye wakala wangu wa soka.

Ukikaribia kutoka, kumbuka jambo hili: ua wa mita 20 hauwezi kukufikisha kwenye kasi yako ya juu, maana mchezaji anahitaji mita 30 hadi 40 kuifikia. Mapafu yatakuwa mazima, miguu itajiona mizima, na mpira wa kwanza mrefu kwenye majani utakupasua nyuma ya paja. Wiki 2 za kwanza kimbia mita 60 kwa takriban asilimia 60 ya kasi yako, mara 6, siku moja ndiyo siku moja hapana. Wiki ya 3 panda hadi 75, ya 4 hadi 85. Kasi kamili ni wiki ya 5, mara 3 tu kwa siku hiyo, ukiwa umepasha misuli kwa dakika 15. Marafiki watakuandalia mechi ya kukupokea siku ya pili tu. Nenda, vaa jezi, piga picha, kaa benchi.