Likizo ya Aprili Diani: tazama mwezi kabla ya kulipia nyumba

Familia za bara zinazoteremka Pwani mwezi wa Aprili kwa kawaida huuliza mambo mawili: shule zinafungwa lini, na nyumba inakodishwa kwa shilingi ngapi kwa usiku. Swali la tatu halijitokezi mpaka watu wamefika, wamevaa nguo za kuogelea, wameteremka ufuoni saa 4 asubuhi na kukuta bahari imekwenda zake. Mbele yao ni mawe, nyasi za bahari na vidimbwi, na maji yenyewe yako kule karibu na mwamba wa matumbawe.

Maji ya Diani hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua. Tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa wakati huo inaweza kupita mita 3.5. Mwezi ukiwa nusu huwa ni maji mafu, na tofauti hushuka hadi mita 1 na kitu. Bamvua na maji mafu yenyewe hukolea siku moja au mbili baada ya mwezi kufikia hali hiyo, si siku ile ile.

Wavuvi wote wanalijua hili, ila matangazo ya nyumba hayaliandiki: katika pwani ya Mombasa na Kwale, saa za bamvua hazibadiliki sana. Bamvua hupwa kati ya saa 4 na saa 5 na nusu asubuhi, na hujaa mnamo saa 10 alasiri au baadaye kidogo. Maji mafu ni kinyume chake. Huwa yamejaa asubuhi, yanapwa jioni, na hata yakipwa hubaki kina cha mtoto kuchezea. Kwa hiyo mwenye watoto wadogo, wanaoamka mapema na kusinzia baada ya chakula cha mchana, atafute siku za maji mafu. Mwenye vijana wanaotaka kutembea hadi vidimbwi vya mwambani kutazama nyota za bahari na pweza atafute bamvua.

Pasaka ina kanuni yake. Kwa kuwa ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi, huja ndani ya wiki moja hivi baada ya mwezi huo, ila umbali wake na bamvua hutofautiana. Mwaka 2026 mwezi mpevu ni tarehe 2 Aprili na Pasaka tarehe 5, kwa hiyo wikendi nzima ni bamvua tupu, maji yakiwa mbali asubuhi. Maji mafu yanafuata kuanzia tarehe 11 hivi, wakati ambapo umati wa Pasaka umesharudi na bei za nyumba zimelegea. Mwaka 2027 mwezi mpevu ni tarehe 22 Machi na Pasaka tarehe 28. Hapo sikukuu yenyewe inaangukia karibu na maji mafu. Ukiniuliza, wiki ya pili ya likizo ni bora kuliko ya kwanza karibu kila mwaka, ila masika nayo yana neno lake, tutalifikia.

Kwanza mwamba, kwa sababu hapo ndipo watu hupata taabu. Maji hayajai kwa mwendo mmoja. Yana saa 6 za kupanda. Saa ya kwanza hupanda sehemu 1 kati ya 12, ya pili sehemu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Chukua bamvua ya mita 3.6: saa ya kwanza ni sentimita 30 tu, mtu hata hazioni. Saa ya tatu ni sentimita 90, yaani sentimita 1.5 kila dakika. Aliyesimama kwenye fungu la mchanga akipiga picha huona pale aliposimama bado pakavu, hajui kwamba kijito alichokivuka kwa maji ya kifundo wakati wa kuja sasa kinamfika kiunoni, na mtoto kinamzidi. Nenda saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa, na maji yakigeuka tu, anza kurudi. Usingoje kuyaona yakija.

Maji yakiwa yanatoka, hatari huhamia kwenye milango ya mwamba, yale mapengo ambamo maji yote ya ndani hupenya kwenda nje. Donati la kupuliza au godoro la plastiki huchukuliwa hadi huko polepole, bila kelele, huku mtoto akifurahi. Maboya ya kuchezea yawe ya bwawani. Baharini ni jaketi okozi lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu, la sivyo litampanda hadi masikioni na yeye ateleze chini.

Miguuni ni viatu. Sandak za plastiki zinatosha na hazitoki kwenye tope kama kandambili. Sababu ni wale viumbe weusi wenye miiba kama nungunungu, ambao hukaa kwenye mashimo ya mawe na katikati ya nyasi. Mwiba wao ni mwepesi kuvunjika, ndiyo maana kuuchokonoa kwa sindano huzidisha mambo. Toa kwa kibanio zile ncha zinazojitokeza tu, kisha loweka mguu kwenye maji ya moto kwa dakika 30 hadi 90. Joto liwe lile ambalo mkono wa mtu mzima unalivumilia. Mtu mzima ndiye apime, kwa sababu mguu wenye ganzi haujui kuwa unaungua. Alama nyeusi itakayobaki mara nyingi ni rangi tu na hufifia kwa siku mbili. Ikipita hapo bado ipo na panauma, mwiba umo ndani, nendeni hospitali. Na kombe zuri lenye umbo la pia, lenye madoa, liachwe lilipo: mwenyewe akiwa hai ana sumu inayoweza kuua mtu.

Sasa masika. Mvua ya Pwani huanza kukolea Aprili na kilele chake ni Mei. Mara nyingi hunyesha usiku au alfajiri kwa saa mbili tatu, halafu jua linatoka kali. Shida kubwa kuliko mvua ni upepo kugeuka. Kusi, upepo utokao kusini, inaposhika, bahari ya nje huchafuka na mwani hurundikana ufuoni. Kwa hiyo safari ya mashua ya Kisite, hifadhi ya bahari iliyo kusini ya Diani, kuwaona pomboo iwekwe siku za mwanzo za kukaa, si ya mwisho, ili nahodha akisema leo haiwezekani, bado kuna kesho. Iwe asubuhi, kabla ya upepo kuamka. Nahodha anayekubali kutoka kila hali ya hewa ndiye wa kuogopwa.

Jua la nyuzi 4 kusini mwa ikweta huunguza hata mawingu yakiwapo. Fulana ya mikono mirefu inamlinda mtoto kuliko mafuta ya kujipaka, ambayo huoshwa na maji na mzazi akasahau. Chandarua kikaguliwe siku ya kufika, kabla ya magharibi, na sindano na uzi vije kutoka nyumbani, kwani matundu hayakosekani. Malaria ya Pwani si hadithi kwa watoto waliokulia Nairobi.

Treni: tangu Januari 2024 nauli ya Nairobi hadi Mombasa ni shilingi 1,500 daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza. Walio chini ya miaka 3 hawalipi, na wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Wazazi wawili, mmoja wa miaka 9, mmoja wa 6 na kitinda mimba wa miaka 2 ni 4,500 kwenda, kwa daraja la kawaida. Tiketi za wikendi ya Pasaka huisha mapema, na za kurudi Jumamosi na Jumapili ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa huisha mapema zaidi, kwa hiyo nunua ya kurudi kwanza. Fika Syokimau saa moja na zaidi kabla ya treni kuondoka: mizigo hupangwa mstari ili mbwa wainuse, halafu mashine. Kisu cha jikoni na pombe vitabaki hapo.

Ukishuka Miritini, kituo cha treni cha Mombasa, huna haja tena ya kupitia mjini na kupanga foleni ya feri Likoni. Barabara ya Dongo Kundu, iliyokamilika 2024, inavuka madaraja na kukutoa upande wa kusini moja kwa moja. Mwambie dereva kabla hamjapatana bei, kwa sababu wapo bado wanaotoza kana kwamba mnapitia feri.

Nyumba nyingi za Diani huja na mpishi. Uliza kama mshahara wake umo kwenye kodi au ni juu yako. Samaki mzima hupoteza karibu nusu kwa kichwa, miiba na matumbo, kwa hiyo watu watano wanataka kilo 2 na nusu za changu au tafi, mchele robo tatu kilo na nazi mbili. Nenda bandani kwa wavuvi mashua zinaporudi, ufungue mashavu mwenyewe: yawe mekundu, si ya kahawia. Matunda yafungiwe ndani na madirisha ya jikoni yafungwe hata mkitoka kwa dakika tano, kwa maana tumbili na kima wa Diani wanajua mlango wa friji ulipo. Mkiwalisha kwa mkono leo, kesho watamnyang'anya mtoto mkate na kumkwaruza.