Plazma Niliyoitoa London

Nilitoka hospitalini mwishoni mwa Oktoba 2020, nikiwa bado siwezi kupanda ngazi za nyumba yangu bila kupumzika katikati. Mwezi uliofuata nilipigiwa simu na idara ya damu ya Uingereza kuulizwa kama ningekuwa radhi kutoa plazma, yaani ule umajimaji wa manjano unaobeba chembe za damu, kwa kuwa ndani yake zimo kingamwili ambazo mwili huzitengeneza unapopambana na korona. Waliowatafuta zaidi ni wanaume waliolazwa wakapona: aliyeugua sana kwa kawaida hubaki na kingamwili nyingi, na plazma ya mwanamke aliyewahi kushika mimba huweza kuwa na kingamwili za namna nyingine, zinazoweza kuyadhuru mapafu ya anayeipokea. Nilikuwa na sifa zote mbili, ingawa hiyo ya kulazwa sikuiomba.

Nilikwenda kituoni Desemba. Mashine ilivuta damu mkononi, ikaizungusha kwa kasi hadi plazma ikajitenga, kisha ikanirudishia chembe nyekundu kwa sindano ile ile, hivyo mkono uliingia baridi kila damu iliporejea. Midomo ilinichonyota kidogo. Muuguzi alinieleza kwamba ni sitrati, dawa ya kuzuia damu isigande, ambayo hushusha madini ya kalisi mwilini kwa muda. Haikufika saa moja, na mfuko ulikwisha kujaa kitu chenye rangi ya samli iliyoyeyuka.

Jioni hiyo nilimpigia mama, aliyekuwa Tanga.

“Na huyo mgonjwa wako, mwanangu, ni nani?”

Nikamweleza kwamba simjui, wala sitamjua. Plazma yangu ilikwenda kwenye jaribio la tiba za korona liitwalo RECOVERY, lililoongozwa na Chuo Kikuu cha Oxford, ambamo kompyuta iliwagawa wagonjwa waliokubali kushiriki kwa bahati nasibu: wengine wapate mifuko miwili ya plazma, wa pili siku inayofuata, pamoja na matibabu ya kawaida, na wengine wapate matibabu ya kawaida tu.

“Yaani mtu yuko taabani, dawa ipo, nanyi mnampigia kura?”

“Mama, hatujui kama ni dawa.”

Hakuridhika, na sikumlaumu, maana hata mimi nilikwisha kuamini kwamba ni dawa. Wazo lenyewe ni la zamani: mwaka 1890 wanasayansi Behring na Kitasato walionyesha kwamba maji ya damu ya mnyama aliyekingwa humkinga mwingine. Huko Kikwit, Kongo, wakati wa Ebola ya 1995, wagonjwa 8 walitiwa damu ya walionusurika na 7 wakapona, habari iliyowapa wengi matumaini. Lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha nalo, na plazma ilipojaribiwa Guinea miaka 20 baadaye haikuonekana kupunguza vifo kwa kiasi cha kutegemewa. Agosti 2020 Marekani iliiruhusu kwa dharura, na makumi ya maelfu ya wagonjwa wakatiwa nje ya jaribio la kulinganisha. Kwa maoni yangu huko ndiko kupiga kura hasa, tena kura isiyohesabiwa.

Katikati ya Januari 2021 jaribio letu liliacha kupokea wagonjwa wapya kwa upande wa plazma. Hesabu kamili ilikuja baadaye: kati ya wagonjwa 11,558 waliolazwa, waliofariki ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 24 kwa waliopewa plazma, na asilimia 24 kwa wasiopewa.

Nilimsomea mama tarakimu hizo kwenye simu. Akanyamaza, kisha akauliza kama basi ilikuwa bure. Nikamwambia kwamba wagonjwa wa baadaye hawatapotezewa muda nayo, na kwamba jaribio hilo hilo ndilo lililokuwa limekwisha kuonyesha kuwa deksamethasoni, dawa ya bei nafuu, inaokoa maisha ya walio kwenye mashine ya kupumulia. Alikubali nusu. Nusu nyingine, alisema, ataipima nikifika Tanga na kumwonyesha huo mkono.

Mwaka huo huo vituo vilianza kukusanya plazma ya kutengenezea dawa za imunoglobulini, yaani za kingamwili, kwa watu ambao miili yao haitengenezi kingamwili za kutosha. Niliulizwa kama ningeendelea, nikapanga siku.