Bahari ya Uyole

"Baba, kwani Uyole kulikuwa na bahari?"

Mwanangu alikuwa amepiga magoti mbele ya tranka la bati, akitafuta blanketi la kurudi nalo shule likizo ya Juni ikiisha. Mkononi kashika zile karatasi nyembamba, nakala ya kaboni ya mswada wa riwaya yangu ya Uyole, kwetu Mbeya. Zinanuka mafuta ya taa mpaka leo. Nikamwambia azirudishe. Hakuzirudisha, akaendelea kusoma kwa sauti: "Kaskazi ilivuma, minazi ikapunga..." Nikatoka nje kuangalia kuku ambao hawakuwa na shida yoyote.

Ilikuwa Aprili 1994. Sikuwa na kazi. Nilikuwa na kaunta buku mbili za kwaya tatu zilizojaa wino, na hela ya kupigisha chapa kurasa 40. Uhindini, pale mjini Mbeya, kulikuwa na mama mmoja mpiga chapa: chumba kimoja, taipureta moja ya Olympia, dirisha moja linalotazama mlima Loleza. Alitoza kwa ukurasa, karatasi ya juu na kaboni mbili chini yake, mistari 28, nafasi mbili kati ya mstari na mstari. Herufi moja ikikosewa, inafutwa mara tatu: karatasi ya juu, unainua kaboni, ya pili, unainua kaboni, ya tatu, na tipeksi siku za mvua haikauki upesi. Kwa sababu hiyo alisoma sentensi nzima kabla ya kugusa mashine. Wapiga chapa wengi huenda neno kwa neno bila kujali linasema nini, na kwa kweli ndivyo kazi inavyokwenda haraka. Huyu alikuwa anaelewa. Ndicho kilichoniponza.

Siku ya pili nilimkuta amekunja mikono, mashine imenyamaza.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaa hapo, mwanangu." Akaweka kidole kwenye mstari. "Huyu bibi anaishi wapi?"

"Uyole."

"Uyole hii hii?"

"Hii hii."

"Bibi wa Uyole, Mmoraviani, Jumapili yuko kanisani, anashtuka anasema 'Lahaula'?" Akafunua ukurasa. "Hapa wanapanda mahindi ya vuli. Vuli gani? Sisi mvua yetu ni moja, inaanza Novemba mpaka Mei huko." Akafunua mwingine, na mwingine. Karafuu zimeanikwa. Msichana kajitanda buibui, anakwenda kuchimba viazi. "Na hapa Julai, saa tatu usiku, wanaume wamekaa barazani wanapiga soga. Wamevaa nini hawa?"

Sikuwa na jibu. Alinitazama kwa muda, si kwa ukali.

"Mimi nalipwa kwa ukurasa. Nikiendelea, nitakupigia bahari kurasa 140, utanilipa, halafu utakuja kuitoa yote. Nenda kaitoe kwanza."

Maji mengi niliyokuwa nimeyaona mpaka siku ile yalikuwa ya Ziwa Ngosi. Bahari yote ile nilikuwa nimeisoma. Riwaya tulizokuwa tukipokezana, nyingine zimekwisha majalada, zilitoka Unguja: Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, ya 1960, na Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, ya 1976. Hizo mbili nilizirudia mpaka nikawa najua mstari upi uko ukurasa wa kushoto. Ukikipenda kitabu namna hiyo, kinakupa mpaka hali yake ya hewa, na wewe unadhani hewa hiyo ndiyo Kiswahili chenyewe. Mtu wa hadithi lazima akae barazani, kwa sababu huko ndiko watu wa hadithi hukaa.

Nilirudi nyumbani na kalamu tatu. Nyekundu kwa vitu: mimea, nguo, vyakula, upepo, viapo. Bluu kwa namna sentensi inavyotembea. Kijani kwa njia ya kisa, yaani nani anajua nini, na amekijua kupitia wapi. Katika kurasa 14 za mwanzo nilipata alama nyekundu 43. Nikafurahi, maana nyekundu zilionekana rahisi: toa mnazi, weka mgomba. Lakini mgomba haupungi kama mnazi. Upepo wa kwetu huyachana majani yake yakawa tambi, na yakipigwa hutoa mlio wa vitambaa vilivyolowa. Ukibadilisha nomino peke yake, kitenzi kinabaki Unguja.

Baraza ndiyo iliyonitesa kuliko vyote. Nilifuta "barazani" nikaandika "jikoni", kwa sababu Uyole jioni ya baridi watu wako kwenye moto. Kisa kizima kikaanguka. Kumbe baraza haikuwa kiti tu, ilikuwa mashine. Mpita njia anasalimia, anakaa, anadokeza jambo, wa ndani wanasikia kupitia dirishani. Siri inatoka nyumba hadi nyumba bila mwandishi kutoa jasho. Jikoni mlango umefungwa kwa sababu ya baridi, moshi umejaa, waliomo ni wa nyumba ile ile. Mgeni hawezi kutokea tu. Sura ya nne, ambamo mwizi wa mbolea anajulikana kwa sababu mtu alisikia maneno akipita, ikawa haiwezekani kabisa.

Nilikwama kwenye sura hiyo siku tisa. Kilichoniokoa ni mtoto wa jirani. Aliingia jioni na kigae mkononi, ametumwa kuomba moto. Akachutama pembeni ya mafiga, akasubiri mama achague makaa mawili yaliyoshika vizuri, na muda wote huo watu wakaendelea kuongea kana kwamba hayupo. Akatoka mbio akipuliza makaa yasizime. Basi. Siri ya Uyole husafiri na makaa, tena husafiri mbio, na haiwezi kwenda mbali kuliko moto unavyoweza kufika kabla ya kuzima. Sura ya nne niliiandika usiku mmoja. Sijui kama nimewahi kuandika nyingine iliyo bora kuliko ile.

Mpelelezi naye alikuwa na kiko. Huyo alitoka moja kwa moja kwa Bwana Msa, mpelelezi wa Mzimu wa Watu wa Kale, na hapo sikuona aibu sana, kwa sababu Bwana Msa mwenyewe na rafiki yake Najum ni ukoo wa Sherlock Holmes na Watson wake. Adili na Nduguze ya Shaaban Robert nayo inatokana na kisa cha Alfu Lela Ulela. Wakubwa waliazima, ila walipoazima walikihamisha kitu na mizizi yake, wakakipa udongo. Mimi nilikuwa nimekata tawi nikalichomeka. Nikajiuliza: Uyole nani anaruhusiwa kuingia kila ua, kuuliza maswali, kuchungulia ghalani, na asichukiwe? Bwana shamba. Kiko kikawa daftari la kuandikia viazi vilivyooza. Kijani zote nyingine niliziacha zilivyo. Njia ya kisa ukiiazima, mwenyewe hakudai.

Bluu ndizo ngumu, na hapa sina dawa kamili. Ninachofanya mpaka sasa ni hiki: nanakili kwa mkono ukurasa mmoja wa kitabu ninachokipenda, nakifunga, kisha naandika tukio lile lile likitokea mahali ninapopajua, bila kuchungulia. Kalamu inaposimama, hapo ndipo sentensi ilipokuwa inategemea kwao. Na wakati rasimu inaendelea, kitabu chenyewe hakikai kitandani. Ukikisoma usiku, asubuhi unaandika kwa sauti yake na unajiona umeamka vizuri.

Mtu atasema ningesoma waandishi wa bara. Nilisoma. Nilipomaliza ile kazi nikaangukia kwa Kezilahabi, aliyeiandika Ukerewe yake bila kuomba radhi kwa pwani, nikasema huyu ndiye. Rosa Mistika, halafu Kichwamaji. Kwa mwaka mzima hakuna mhusika wangu mkuu aliyefika ukurasa wa mwisho akiwa hai. Wakulima wa pareto wa Uporoto, watu wenye madeni ya kawaida kabisa, wakawa wanakaa juu ya mawe kuuliza maana ya maisha. Kalamu nyekundu haikukuta kitu. Ilikuwa bluu tupu.

Lakini nilikuwa kwa yule mama. Nilirudi mwanzoni mwa Mei, asubuhi, na kurasa 14 mpya. Alizisoma zote mimi nimesimama, kisha akaingiza karatasi na kaboni, akazigonga zikae sawa, akaanza. Ukurasa wa pili akasimama.

"'Ukungu ulikupwa polepole.' Kupwa ndiyo nini?"

Nikajua imenipita. Nilikuwa nimepekua kila nomino ya bahari, na kitenzi kimekaa kimya kikaponea humo. Nikaeleza nilivyosoma: maji ya bahari hujaa, kisha hupwa, yaani hurudi nyuma na kuacha ufuo wazi, na vilivyokuwa chini vinaonekana. Nilieleza kwa mkono, kiganja kikiteleza juu ya meza yake. Nikanyoosha mkono kuchukua kalamu nilifute.

Akanizuia. Alikuwa anatazama nje. Ukungu ulikuwa umefunika Loleza mpaka kwenye mabati ya nyumba za chini, na wakati ule ule ulikuwa unaondoka. Haukupanda wala haukutawanyika, ulirudi nyuma kwa usawa, kama unavutwa. Kwanza yakatoka mabati yaliyolowa, kisha miti, kisha mwamba mweusi unaong'aa maji. Tulitazama bila kusema. Ilichukua muda wa chai kupoa.

"Hii iache," akasema, akaipiga.

Hajaniambia kwa nini, wala mimi sijui mpaka leo kama ile sentensi ni yangu au ni ya kitabu fulani nilichokisahau. Mswada haukutoka. Kurasa 40 ndizo nilizoweza kulipia.

Niliporudi ndani mwanangu alikuwa amefika hapo hapo. "Baba, ukungu unakupwaje?"

Nikamshika mkono nikamtoa uani akaone. Saa mbili asubuhi, anga jeupe, baridi kavu, vumbi limeanza. Loleza yote iko wazi kuanzia chini hadi juu. Nikamwambia asubiri, ukungu wa kweli ni wa Machi.

"Machi nitakuwa shule," akasema, akarudi kwenye tranka lake.