Somtam kwanza: jinsi ya kuagiza chakula Thailand

Ukifika Bangkok, usikimbilie pad thai, zile tambi za kukaanga. Anza na somtam, kachumbari ya papai bichi. Hutwangwa mbele ya macho yako, sahani moja moja, na ndani ya kinu kimoja utakutana na ladha nne zinazobeba upishi wa Kithai: chumvi, uchachu, utamu na ukali. Ukikielewa kinu hicho, kuagiza vyakula vingine ni kazi nyepesi.

Kinu chenyewe ni cha udongo, chenye kina, na mchi wake ni wa mti. Kile cha jiwe ni cha kusagia viungo vya mchuzi. Tofauti hiyo ina maana yake: jiwe kwa jiwe husaga, lakini mti kwa udongo hupondaponda tu, na papai la somtam halitakiwi kusagika. Kwa sahani moja mpishi hutwanga punje mbili za kitunguu saumu pamoja na pilipili kichaa mpaka zipasuke. Inafuata sukari laini ya mnazi, kijiko kimoja cha mezani, halafu vipande vya kunde mbichi za maganda marefu, karanga zilizokaangwa na kamba wadogo wakavu. Kisha ndimu, vijiko viwili, na nam pla, yaani maji ya chumvi yanayotoka kwenye samaki waliochachushwa, kijiko kimoja na nusu. Nyanya ndogo mbili hukatwa na kutumbukizwa humo. Papai, konzi mbili hivi, ndilo la mwisho. Mkono wa kulia unatwanga, wa kushoto umeshika kijiko kinachogeuza kutoka chini. Mapigo kumi na kidogo yanatosha. Yakizidi, papai linatoa maji, linalegea, na ndimu yote inabaki imezama chini ya sahani.

Angalia pia papai linavyokatwa. Mpishi anayejua kazi hulishika mkononi, akalichanja kwa kisu kizito kufuata urefu wake, kisha akaliparua. Nyuzi zinatoka nene kwa nyembamba, na nene ndizo zinazobaki na ukakamavu ukitafuna. Papai lililokwaruzwa laini kwa mashine hulowa haraka. Ukiona rundo la nyuzi zinazofanana zimekaa juani tangu asubuhi, nenda kibanda kinachofuata.

Kuhusu pilipili, hesabu punje. Ukisema "phet nit noi", yaani ukali kidogo, unamwachia mpishi akupimie kwa ulimi wake, na kidogo ya mtu wa Isaan, kaskazini mashariki ambako somtam imeota mizizi, inaweza kuwa punje nne. Sema "phrik met diao", pilipili moja, au "song met", mbili. Hata ukiomba bila pilipili, "mai sai phrik", utasikia mwasho kidogo, kwa kuwa kinu mara nyingi hakioshwi kati ya mteja na mteja. Mwite mpishi "phi", kama unavyomwita dada au kaka aliyekuzidi umri. Ni adabu ya kawaida kabisa huko.

Taja pia aina. "Somtam thai" ndiyo yenye karanga na utamu, na hiyo inamfaa mgeni. "Somtam pu pla ra" ina kaa wadogo wa mashambani waliotiwa chumvi, mara nyingi wabichi, na samaki wa maji baridi waliovundikwa. Samaki wa namna hiyo wasipopikwa wanaweza kuleta minyoo ya ini, tatizo kubwa la miaka mingi huko Isaan. Kama unaitamani, ulizia "pla ra suk", iliyochemshwa.

Somtam huliwa na kuku wa kuchoma, kai yang, na wali wa kunata, khao niao. Wali huo unaliwa kwa mkono: unamega tonge, unaliviringisha kwa vidole, unachovya. Aliyelelewa kwa ugali hahitaji kufundishwa. Wali wa kawaida huliwa kwa kijiko, uma ukiwa mkono wa kushoto wa kusukumia tu. Vijiti ni vya tambi.

Kwa Waislamu, neno "mai sai mu", usitie nguruwe, halitoshi. Mafuta ya kukaangia yanaweza kuwa ya nguruwe, na sufuria ni ileile. Jihadhari hasa na tambi za mashua, kuaitiao ruea, na tambi yoyote inayoitwa "nam tok": mchuzi wake huongezwa damu. Tafuta alama ya halali au maneno "ahan itsalam", chakula cha Kiislamu. Wanaokwenda kununua nguo Pratunam wana bahati, maana uchochoro wa Phetchaburi Soi 7, penye msikiti wa Darul Aman, ni mwendo mfupi tu kutoka sokoni. Kula khao mok kai pale: wali wa manjano uliopikwa na kuku, vitunguu vya kukaanga juu, na kando mchuzi wa kijani wenye uchachu. Biriani ya pwani na huu wali ni ndugu. Massaman nayo, mchuzi mzito wa viungo, ina mdalasini, iliki na karafuu ndani ya tui la nazi, pamoja na viazi, karanga na ukwaju. Mla pilau ataitambua kwa harufu kabla ya kuonja.

Ukipanda mpaka Chiang Mai, mji wa kaskazini, khao soi ya Kiislamu, yaani tambi ndani ya mchuzi wa viungo, iko karibu na msikiti wa Ban Haw. Kamulia ndimu na changanya mboga chachu mwanzoni, lakini ule mapema tambi kavu za juu, kabla mchuzi haujazilainisha.

Kwa chakula cha mchana cha haraka, nenda khao kaeng, wenzao wa mama ntilie: unaonyesha kwa kidole trei mbili, zinamwagwa juu ya wali. Fika kabla ya saa sita. Vyakula hivyo hupikwa asubuhi na havipashwi tena, hivyo trei ya saa nane imekaa kwenye joto saa nyingi mno.