Mchana Mmoja Mbele ya Trafalgar ya Turner

Kati ya picha zote alizochora Mwingereza J. M. W. Turner, hakuna iliyo kubwa kama ile ya vita vya baharini vya Trafalgar: kimo mita 2.6, upana karibu mita 3.7. Iko Greenwich, London, katika makumbusho ya mambo ya bahari. Mimi huchora majahazi, na nilikwenda na penseli kunakili milingoti yake. Nilifuatana na mjomba wangu, nahodha wa Lamu wa siku nyingi, aliyekuwa amekuja London kumtazama binti yake.

Sijapiga hata mstari mmoja, akaniuliza, "Mjomba, hii merikebu imepakia?"

Nikamwambia ndiyo hiyo Victory, manowari ya Nelson, amiri wa Waingereza katika vita hivyo, mizinga 104, watu zaidi ya 800.

"Basi mbona iko juu hivi? Hii haina hata farumi, uzito wa kuituliza majini."

Alikuwa amegusa kidonda chenyewe. Mfalme George wa Nne aliiagiza picha hii mwaka 1822, ikae katika kasri la St James's sambamba na picha ya mchoraji de Loutherbourg ya vita vya mwaka 1794. Ilipofikishwa huko, mabaharia waliilalamikia, na mojawapo ya makosa waliyoyataja ni kwamba Victory inaelea juu mno, kama chombo kilichopakuliwa bandarini. Sababu yake inaeleweka. Turner alimwomba mchoraji mwenzake, Schetky, amchoree Victory ilivyo, na wakati huo ilikuwa imetia nanga Portsmouth, vita vimekwisha zamani. Manowari iliyo safarini hubeba mapipa ya maji, chakula cha miezi, baruti na tani za risasi za chuma. Inazama mpaka madirisha ya mizinga ya sitaha ya chini yanakaribia maji, na bahari ikichafuka hayana budi kufungwa. Ndiyo maana mchoraji wa vyombo anapaswa kuamua shehena kabla ya yote: piga mstari wa maji kwanza, kisha ukijenge chombo juu yake. Ukianza na ubavu halafu ukatafuta pa kuuweka, chombo kitaelea kama boya.

Inasimuliwa kwamba Turner alikaa siku 11 kasrini akirekebisha kamba na milingoti kwa kufuata maneno ya kila baharia aliyepita. Hata hivyo picha haikudumu hapo. Mwaka 1829 mfalme aliitoa kwa Greenwich.

Lawama ya pili ilikuwa ya saa, kwamba mambo ya nyakati mbalimbali yamechorwa kama ya wakati mmoja, na hapo mimi nasimama upande wa Turner. Vita vilipiganwa tarehe 21 Oktoba 1805 karibu na rasi ya Trafalgar, Uhispania: merikebu 27 za Waingereza dhidi ya 33 za Wafaransa na Wahispania. Katika mlingoti mkuu wa Victory zinapepea bendera za neno la mwisho la ujumbe wa Nelson kwa merikebu zake, "duty" (wajibu), ambalo lilibidi liandikwe herufi kwa herufi kwa kuwa halikuwamo katika kitabu cha ishara. Hiyo ni kabla ya saa sita mchana. Kilele cha galme, yaani mlingoti wa nyuma, kinachoanguka ni cha saa saba. Achille, merikebu ya Wafaransa inayowaka kule nyuma, iliungua alasiri. Na Redoutable, nayo ya Wafaransa, ambayo mpiga bunduki wake ndiye aliyemuua Nelson, inazama mbele ya macho yetu ilhali ilizama kesho yake. Mlingoti wa mbele wenye bendera nyeupe ya Nelson unaporomoka, na kwa huo Turner anakionyesha kifo chake bila kumchora. Hii si ripoti ya saa moja. Ni siku nzima imekunjwa ndani ya turubai moja, na watu wanaohangaika majini pale chini wanapewa nafasi ambayo picha nyingi za ushindi huwanyima.

Yanayohusu ufundi niliyaandika pembeni mwa michoro yangu. Mlingoti wa merikebu kama hii si mti mmoja bali ni vipande vitatu, na panapoungana vipande hupishana kidogo kabla ya kufungwa. Mzinga ukiupiga, mara nyingi huvunjika kipande cha juu ya maungio, tena hakiendi moja kwa moja baharini. Hubaki kikining'inia kwa kamba, pamoja na foromali, boriti inayoshika tanga, na tanga lenyewe, mpaka watu wakate kwa shoka. Madirisha ya mizinga hayakai wima moja juu ya jingine. La juu huangukia kati ya mawili ya chini, ili ubavu usidhoofike mahali pamoja. Safu yake nayo hupinda, chini katikati, juu omo (mbele) na tezi (nyuma). Atakayeipiga kwa rula atapata nyumba, si chombo.

Moshi wa baruti ni mweupe wenye kijivu. Mweusi ni wa lami, mbao na matanga yanayoungua. Ukichanganya hiyo miwili, mtazamaji hatajua nani anapiga na nani anateketea. Siku ile upepo ulikuwa hafifu wa magharibi, na kwa upepo kama huo moshi haukimbii. Hulala juu ya maji na kuficha mbavu, milingoti ikitokeza juu yake. Mawimbi yalikuwa makubwa kuliko upepo wenyewe, kwa sababu dhoruba ilikuwa njiani.

Nilichora mlingoti wa mbele peke yake. Mjomba alinionyesha kwa kidole, akasema, "Za joshi zikaze, za demani zilegee." Kamba za upande wa upepo ndizo zinazobeba mlingoti, kwa hiyo risasi ikizikata hizo, mti utaangukia demani, upande wa pili. Nikafuta kamba za demani, nikazirudia kwa mstari mwembamba wenye tumbo.